Kokwa ni ya nani?

Nyumbani kwetu msimu wa maembe hautangazwi na kalenda, unatangazwa na pua ya mama. Analishika embe, analinusa pale kilipokuwa kikonyo, na kama halinukii utamu analirudisha kwenye boksi bila neno. Yasiyoiva tunayafunga kwenye karatasi pamoja na ndizi mbivu moja, maana ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Kaka yangu hufungua kifurushi kila saa "kuangalia tu", gesi yote inatoka, halafu yeye huyo huyo analalamika kwamba maembe yanachelewa.

Siku ya kula, sahani hazitakiwi. Tunakaa chini kuzunguka beseni, mikono ya mashati imekunjwa. Mama hukata mashavu mawili ya kila embe na kuyagawa, na hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni wa kokwa, kwa sababu nyama inayobaki pale ndiyo tamu kuliko zote (kwa hili sibishani na mtu). Sheria ni kwamba aliyemenya ndiye mwenye kokwa, kwa hiyo ghafla kila mtu anakuwa mchapakazi.

Mimi simenyi. Utomvu wa ganda huniwasha midomo hadi itoke vipele.

Mwaka huu binti yangu wa miaka 6 alimenya lake la kwanza, nusu ya nyama ikaenda na ganda. Akainyonya kokwa mpaka ikawa nyeupe, nyuzi zimemjaa menoni, kisha akanipa nilambe.