Mapigo Matatu ya Kimya

Kila Jumanne jioni, magari yakiwa yamebanana katikati ya Nairobi, mimi hujitwika viola yangu mgongoni na kushika njia kwa miguu hadi ukumbi wa kanisa tunamofanyia mazoezi. Okestra yetu ni ya watu wa ridhaa. Hakuna anayelipwa, badala yake kila mmoja hutoa ada ya kukodi ukumbi, na miongoni mwetu wamo mhasibu, daktari wa meno, walimu kadhaa, na wanafunzi wa chuo ambao hutushinda wote kwa ufundi na kwa kuchelewa.

Viola hufanana na fidla iliyonenepa kidogo, na sauti yake iko chini zaidi. Nililelewa katika kwaya nikiimba sauti ya tatu kwa kusoma do-re-mi, kwa hiyo nilikwisha kuzoea kuubeba wimbo bila kupewa wimbo wenyewe. Aliyewahi kuimba sauti ya tatu atanielewa.

Msimu uliopita tulicheza Simfoni ya 8 ya Franz Schubert, ile isiyokamilika. Aliianza mwaka 1822, akamaliza sehemu mbili tu, akafariki mwaka 1828 akiwa na umri wa miaka 31, na hati yake ikabaki kwa rafiki yake Anselm Hüttenbrenner mpaka ilipochezwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1865. Okestra za ridhaa huipenda kwa sababu si ndefu, haina kasi ya kutisha, na noti zake hupatikana bure kwa kuwa hakimiliki yake ilikwisha zamani. Nadhani ndiyo maana pia tunaidharau. Sisi tulikosa mpiga fagoti wa pili, ala ndefu ya kupulizwa yenye sauti nzito, tukamsihi mcheza chelo mmoja, ile ala kubwa ya nyuzi iliyo chini ya viola kwa sauti, ajifunze noti zake, naye akakubali kwa shingo upande. Juma la tatu uzi wangu mzito ulikatika, na dukani hapakuwa na mwingine. Nikawakumbuka wenzetu wa okestra aliyoianzisha Armand Diangienda mjini Kinshasa mwaka 1994, waliowahi kutumia waya za breki za baiskeli badala ya nyuzi.

Katika sehemu ya kwanza kuna mahali ambapo viola na klarineti huanza kudunda taratibu, noti zetu zikiangukia katikati ya mapigo wala si juu yake, kisha chelo huingia na wimbo ambao hata asiyejua jina la Schubert huenda amewahi kuusikia. Watu hudhani kazi yote ni ya chelo. Ukweli ni kwamba viola zikiyumba hata kidogo, chelo hupoteza pa kukanyagia. Baadaye fidla huupokea wimbo huo, na unapoelekea kukamilika, hukatika ghafla. Hufuata mapigo matatu ambayo hakuna chombo kinacholia, halafu okestra nzima hulipuka kwa pamoja.

Usiku wa onyesho nilikuwa nikidunda vizuri mno, tena kwa raha, hata nikasahau kuhesabu. Wote waliponyamaza, upinde wangu ulivuta noti moja zaidi. Haikuwa kubwa, lakini ukumbi ulikuwa kimya kabisa, na noti ile ilisikika hadi viti vya nyuma. Kiongozi wetu hakugeuza hata jicho. Mimi nilijikaza na kuendelea, masikio yakiwaka moto.

Wakati wa mapumziko, mama mmoja muuguzi mstaafu ambaye huketi pamoja nami na kusoma karatasi moja nami aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani hukuiona miwani?" Juu ya ule mstari wa kimya alikuwa amechora miwani midogo kwa penseli, alama ambayo wacheza okestra huweka mahali pa kufungua macho. Miezi miwili nzima nilidhani ni mchoro wa mjukuu wake.

Karatasi zile zimekwisha kurudishwa kabatini. Tulipoambiwa tufute alama zote za penseli kabla ya kuzirudisha, nilifuta zangu zote, nikaiacha miwani.