Siku mafuta yalipoingia penye wembamba

Juzi mwanangu aliniuliza mafuta huingiaje ndani ya jiwe gumu kabla ya binadamu kwenda kuyatafuta. Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake lilinirudisha maabara, kwenye kile kipande cha mawe mchanga kilichotushughulisha mimi na mwalimu wangu, tulipotaka kujua ni mafuta kiasi gani huingia katika vitundu vyake vidogo kabisa.

Kukiosha, kukikausha na kukijaza maji kulikuwa kazi ya kawaida. Ugumu ulikuwa katika udogo wa kiasi cha mafuta tulichotaka kupima. Kipande chenye kipenyo cha sentimita 2.5 na urefu wa sentimita 5, ikiwa nafasi zake wazi ni asilimia 8, hubeba takriban mililita 2 tu, hivyo kimiminika kinachobaki kwenye mirija ya pampu chaweza kupotosha hesabu nzima. Kwa hiyo tulikijaza maji mazito, ambayo badala ya haidrojeni ya kawaida yana deuteri, yaani haidrojeni nzito, ili mashine ya sumaku inayosoma viini vya haidrojeni isiyatambue. Ishara yoyote iliyoongezeka ingekuwa ya mafuta, na jinsi ilivyofifia upesi ndivyo ilivyoashiria vitundu vidogo zaidi.

Kwa shinikizo dogo, mafuta mepesi yalijaza njia pana, kisha mchoro wa ishara za mashine ukatulia. Maji hung'ang'ania kuta za mwamba unaoyapenda, na ili mafuta yayasukume kupita kwenye koo, yaani mlango mwembamba wa kitundu, lenye nusu kipenyo cha nanomita 50, panahitajika shinikizo la zaidi kidogo ya megapaskali 1. Tulipandisha pampu polepole, tukasubiri, tukapima tena. Upande wa kushoto wa mchoro, mahali pa ishara zinazofifia haraka, palianza kuinuka kilima kidogo. Nilikikodolea macho nikihofia kwamba ni kelele za mashine. Nikarudia kipimo, nikaondoa ishara iliyokuwapo kabla ya mafuta, nacho kikabaki palepale. Sijui niseme nini kuhusu furaha ile, ila kwamba mikono yangu ilitetemeka nilipokuwa nikiandika namba.

Mwalimu alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Vizuri, lakini niambie: mafuta haya yamegusa ukuta?"

Hilo ndilo swali ambalo sijawahi kulimaliza. Ishara hufifia upesi kwa sababu kimiminika kinagusana na ukuta wa kitundu. Iwapo utando mwembamba wa maji umebaki katikati, mafuta yaliyo ndani ya kitundu kidogo husomeka kana kwamba yako mahali pa wazi. Kilima chetu, basi, kilihesabu yale tu yaliyofika ukutani, na mengine huenda yalijificha upande wa kulia, kwenye ishara ya njia pana. Katika ripoti tuliandika kwamba mafuta yaliyoingia kwenye vitundu vidogo ni "yasiyopungua" kiasi kile, na neno hilo bado naona ndilo lililo sahihi kuliko namba yenyewe.