Jinsi Bwana Mrefu alivyopata jina lake

Mimi si mtafsiri. Ni mweka hazina wa ushirika mdogo wa wafugaji huku Njoro, na Kichina changu chote ni salamu moja, nayo naitamka vibaya. Lakini mwaka jana nilizunguka wiki tano na leseni ya kampuni ya Kichina mkobani, na kila niliyekutana naye alikuwa na ushauri. Karibu wote ulikuwa wa ovyo.

Chanzo ni tangi la kupozea maziwa, la lita 1,000. Maziwa ya jioni yalikuwa yanatuchachia, na tangi la kutoka China lilikuwa nafuu hata baada ya usafiri na ushuru. Benki ilikubali kutukopesha, ila pesa ziende moja kwa moja kwa muuzaji, na kabla ya hapo walitaka leseni yake ya biashara pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Muuzaji alituma leseni kwa WhatsApp siku hiyo hiyo: karatasi moja iliyolala, nembo ya taifa lao juu, muhuri mwekundu wa mviringo chini kulia. Nikajua nimemaliza.

Mwenyekiti wetu ni mzee wa njia za mkato. "Mama Chebet, simu yako si inatafsiri? Piga picha, peleka kwa wakili agonge muhuri, basi."

Simu ilitafsiri, kweli. Mkuu wa kampuni alikuwa Bwana Mrefu. Mtaji wa kampuni ulikuwa yuan mia tano, yaani kama shilingi elfu tisa. Kiwanda kizima cha matangi ya chuma kinazidiwa thamani na ndama wangu! Juu kabisa ikaandika kwamba hii ni "nakala". Mimi nikaona Wachina wana mambo yao, nikapeleka saiba ikachapwa, nikapanda kwa wakili mjini Nakuru. Aligonga muhuri bila hata kukaa chini. Nililipa elfu moja au zaidi kidogo, na risiti sikupewa.

Afisa wa mikopo, kijana mpole, alisoma karatasi zangu mara mbili. Kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, huyu wakili anasoma Kichina?"

Nilinyamaza.

"Amethibitisha kwamba fotokopi inafanana na karatasi uliyompa. Maneno hajayathibitisha. Na huyu Bwana Mrefu, ni jina lake au ni kimo chake?"

Nilitoka pale nimeiva kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kijana. Watu watatu walikuwa wameshaniambia kwamba kinachotakiwa ni muhuri tu.

Sasa, sisi wa Njoro tuna bahati moja. Chuo Kikuu cha Egerton kiko hapa hapa, na kina Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina. Binti wa jirani yangu alikuwa anasoma huko. Jumamosi nikamwita nyumbani, nikampikia chai ya maziwa na mahindi ya kuchoma, nikamtandikia karatasi mezani. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Shangazi, huyu ni Gao. Ni jina la ukoo. Hilo neno maana yake ni mrefu, lakini jina la mtu halitafsiriwi. Wewe Chebet wako ukimpeleka Beijing utataka aitwe nani?"

Kisha akaniwekea kidole kwenye mtaji. Wachina, wakiandika pesa kwenye karatasi rasmi, hutumia herufi za namba zenye mistari mingi ili mtu asiweze kuzibadilisha kwa kalamu. Na wana neno lao, wan, la elfu kumi. Iliyoandikwa pale ilikuwa mia tano za elfu kumi, yaani yuan milioni tano. Simu ililimeza wan. Kutoka kwa ndama mmoja tukafika karibu shilingi milioni tisini! (Ila msije mkazimia kwa huo mtaji wa leseni. Mara nyingi ni ahadi ya wenye hisa na hazijaingia benki bado. Sheria yao mpya ya makampuni, iliyoanza Julai 2024, ndiyo imewapa miaka mitano kukamilisha malipo.)

Na ile "nakala"? Leseni ya Kichina hutolewa kwa sura mbili, kuu na ya pili, na ya pili ina nguvu sawa kisheria. Ile kuu hutundikwa ukutani ofisini, ya pili ndiyo inayozungushwa. Si fotokopi kamwe.

Lakini nililolipenda kuliko yote ni ile namba ndefu. Tangu Oktoba 2015 kampuni ya China ina namba moja ya tarakimu na herufi 18, na leseni hiyo moja imechukua pia nafasi ya cheti cha kodi na cheti cha namba ya shirika. Nikapiga makofi, maana benki ilikuwa inanidai cheti cha kodi cha muuzaji, naye alikuwa anarudia tu kwamba hakipo, nami nilishaanza kumwona tapeli. Namba ya kwetu ilianza na 91, kisha 37. Hiyo 37 ni jimbo la Shandong, na muuzaji alikuwa amesema yuko Qingdao, iliyo Shandong. Halafu binti akaona simu imesoma O katikati. Namba hizo hazitumii kabisa herufi I, O, S, V wala Z, kwa hiyo ile O ilikuwa sifuri. Tangu siku hiyo nikiona leseni ya Kichina naanza na namba, najifanya mpelelezi.

Tulielekeza simu kwenye ule mraba wa vidoadoa ulio kwenye leseni, ukatupeleka kwenye tovuti ya serikali yao. Kampuni ipo na inaendelea na kazi.

Nikamwambia binti, haya, andika tafsiri usaini. Akakataa katakata. "Nisaini kama nani, shangazi?" Alikuwa na haki.

Mtafsiri nilimpata Nairobi kupitia mtu na mtu wake. Elfu nne, au tano na gharama ya parseli ya matatu, sikumbuki vizuri. Kazi yake ilinyamazisha watu. Alitafsiri hadi maneno yaliyo ndani ya muhuri, akabandika tafsiri na leseni pamoja, akaandika tamko kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili, akatia jina, sahihi, muhuri wake na namba ya simu. Benki walimpigia kweli.

Bado tukakwama! Jina. Leseni haina jina la Kiingereza, kwa hiyo mtafsiri alilitafsiri vizuri kabisa, na likawa tofauti na jina lililo kwenye ankara na akaunti ya benki. Mtu mwingine angerudi kumgombeza mtafsiri alibadilishe. Mimi, kwa akili zangu za kuhesabu maziwa, nikamwambia muuzaji aandike barua fupi yenye jina la Kichina, jina la Kiingereza na ile namba ya 18, agonge muhuri mwekundu wa kampuni. Ilifika asubuhi iliyofuata.

Swali la mwisho la yule kijana lilikuwa kwa nini leseni inamtaja "mwakilishi wa kisheria", ambaye yeye alidhani ni wakili wa kampuni, badala ya mkurugenzi. Nikajiegemeza kitini. Nikamweleza kwamba kwa Wachina mwakilishi wa kisheria ndiye mwenyewe, mtu ambaye sahihi yake inaifunga kampuni. Gao hajawahi kuwa wakili.

"Kumbe Bwana Mrefu ndiye mkubwa," akasema, akagonga muhuri.

Tangi lilifika. Vitufe vyake vyote vimeandikwa Kichina, na mwenyekiti ameshatangaza kanisani kwamba Mama Chebet atavisoma.