Nilivyolinganisha ozoni ya setilaiti na ya puto la Nairobi kwa kompyuta ya mtumba

Nianze na hili maana ndo kila mtu huniuliza akisikia nimefanya masta ya mambo ya anga: tundu la ozoni liko Antaktika, sio kwetu. Mwanasayansi wa Uingereza Farman na wenzake wawili walilitangaza 1985 baada ya vipimo vya kituo cha Halley kuonesha ozoni inaporomoka kila Oktoba, miaka miwili mbele ukasainiwa Mkataba wa Montreal wa kuzuia kemikali zinazokula ozoni, na tabaka linapona taratibu. Huku ikweta tundu hatujawahi kuwa nalo. Jua letu ndo linatengeneza ozoni kwa wingi halafu mzunguko wa hewa ya juu unaisomba kuipeleka upande wa ncha za dunia, kwa hiyo tunabaki na kama DU (Dobson, kipimo cha ozoni) 260 hivi, maana yake ukiishusha ozoni yote ya juu yako mpaka usawa wa bahari kwa nyuzi 0 unapata tabaka la milimita 2.6. Basi.

Mimi sikushughulika na yote hiyo, nilitaka ile ya chini, sehemu kama moja ya kumi, iliyopo kwenye hewa yenye mawingu na mvua. Hii haitukingi na chochote cha maana, inatokana na moshi wa magari, moto wa misitu na mashamba, ukichanganya na jua, na inaumiza mapafu na mazao. Swali langu lilikuwa je setilaiti inaiona kweli juu ya Afrika Mashariki au zile ramani za rangi nzuri ni mapambo tu?

Mimi ni Mtanzania lakini data nimefanyia za Nairobi kwa sababu ukitaka puto za kupima ozoni za miaka mingi kwenye ukanda wetu ni pale Dagoretti Corner, idara ya hali ya hewa ya Kenya wakisaidiwa na Waswisi. Kituo kimo kwenye mtandao wa vituo vya puto uitwao SHADOZ, ulioanzishwa 1998 na Anne Thompson wa NASA, na data zote ni bure, unapakua faili la maandishi dogo tu la kila puto lililorushwa. Hapo ndo nilipopata moyo wa kuanza, maana kompyuta yangu ilikuwa ya mtumba, RAM 4, na intaneti ni bando la simu.

Upande wa setilaiti ndo kulikuwa na shughuli. TROPOMI, kile chombo kilichoko kwenye setilaiti ya Sentinel-5P tangu Oktoba 2017, kinapita juu yetu mchana mida ya saa saba na nusu na kila mzunguko ni faili moja kubwa, wewe unataka pikseli mbili tatu za Nairobi lakini unalazimishwa kupakua kuanzia ncha ya kusini mpaka ya kaskazini. Nikaachana na hayo mafaili. Kwa ozoni ya jumla nilitumia Google Earth Engine, unaandika skripti fupi, hesabu zinafanyika huko huko kwao na wewe unashusha jedwali la kilobaiti kadhaa, ila ujue namba zinakuja kwa mol kwa mita mraba, unazidisha kwa 2241 kupata DU, kwa hiyo 0.116 ndo hiyo 260. Na kwa miaka ya nyuma kabla ya TROPOMI kuna chombo kingine, OMI, kwenye setilaiti ya Aura ya 2004, NASA wameshakuandalia faili za maandishi za vipimo vyote vilivyopita juu ya kila kituo, Nairobi ikiwemo. Watu wengi hawajui hizi faili zipo wanahangaika na magigabaiti bure.

Nikaomba kwenda kuona puto linavyorushwa na nashukuru walinikubalia, maana huwezi kuelewa faili kama hujaona kifaa. Ni kiboksi cheupe cha foam, chepesi, ndani kuna pampu ndogo na vikombe viwili vidogo vya maji ya potasiamu iodaidi. Pampu inavuta hewa inabubujika kwenye kikombe kimoja, ozoni ikikutana na iodaidi inazaa umeme mdogo sana wa maikroampea, na huo umeme ndo kipimo chenyewe. Nilitaka kusogeza kile kikombe nione vizuri, fundi akanizuia, mzee mmoja mpole, "Usiguse na mkono mtupu binti yangu, jasho tu linaharibu hesabu." Nikasema sawa mzee, samahani. Akaweka maji upande mmoja kwa sindano, akasubiri, ndo akaweka upande wa pili, akaiacha pampu ikivuta hewa isiyo na ozoni ili aone umeme unashuka mpaka wapi, akaandika kwenye fomu. Nikamuuliza kwa nini anaandika wakati umeme ni kama sifuri, akasema ule unaobaki lazima utolewe baadaye kwenye hesabu, usipoutoa kule juu kwenye kilomita 15 ambako ozoni ni haba utakuta umezidisha vibaya. Ile kauli ilinisaidia kuliko semina nzima.

Puto likiachiwa linapanda kama mita 5 kwa sekunde, linapasuka likivuka kilomita 30 na kitu, na ukichora data yake unaona vizuri kabisa: chini ozoni kidogo, inapanda, inashuka tena kwenye kilomita 14 mpaka 16, halafu ikivuka hapo inapaa kama ukuta. Kuna puto moja la Septemba lilikuwa na kivimbe cha ajabu kwenye kilomita 6 hivi. Nikaendesha HYSPLIT ya NOAA, ile inayorudisha hewa nyuma ilikotoka, mstari ukatokea Zambia, ukakata Msumbiji, ukaingia baharini kisha ukageuka kuja bara, na ukifungua ramani ya moto ya NASA ya wiki hiyo kule kusini ni nyekundu tupu. Nilikaa naangalia ile grafu usiku mzima karibu, moshi wa mashamba ya Zambia umefika juu ya Nairobi kimya kimya na aliye chini hajui.

Sasa kulinganisha. Setilaiti haina puto, yenyewe inaangalia mwanga wa jua uliogonga hewa na ardhi ukarudi juu, inaulinganisha na mwanga uliotoka kwenye jua moja kwa moja, na kwa vile ozoni inakula UV (miale mikali ya jua) kwa kiwango kinachojulikana inajua ni kiasi gani kimeliwa. Shida ni kwamba UV nyingi inatawanywa na kurudi juu kabla haijafika chini, kwa hiyo hewa tunayovuta setilaiti inaiona kwa mbali sana na sehemu inayokosa inajaziwa na makadirio yaliyowekwa kabla. Ni kama mtu aliyeangalia mechi kipindi cha kwanza tu halafu anakusimulia mpaka dakika ya 90, matokeo anaweza kupatia lakini usimuulize goli la pili lilifungwaje.

Njia niliyotumia ni ya mawingu. Yale mawingu makubwa ya mvua upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki yanafika juu sana, setilaiti ikipita inaona ozoni ya juu ya wingu tu, chini imezibwa. Kwa kuwa ozoni ya juu kwenye tropiki haibadiliki sana ukizunguka dunia kwa latitudo ile ile, unachukua ozoni ya jumla ya Nairobi siku isiyo na wingu, unatoa ile ya juu ya mawingu, kinachobaki ni ya chini. Nilizoea wingu ndo adui wa kazi zote za setilaiti, hapa linageuka kifaa. TROPOMI wanatoa hii data tayari imepigwa hesabu, mafaili madogo, kompyuta yangu ikapumua.

Mwanzoni namba za setilaiti na za puto zilikataa kukaa sawa. Nilichogundua baada ya kusoma maelezo ya data mstari kwa mstari ni kwamba tulikuwa tunapima hewa tofauti. Kwanza ile data ya setilaiti inaishia kwenye presha ya 270 hPa (kama kilomita 10 juu), sio mwisho wa tabaka la chini ambao kwetu uko kilomita 16 au 17, kwa hiyo na puto lazima ulikate hapo hapo. Kukata ni rahisi, kila tabaka unachukua ppm ya ozoni (sehemu ngapi kwa milioni ya hewa) unazidisha na tofauti ya presha kwa hPa kisha mara 0.789 unapata DU, ukijumlisha unapata kama 20, ila bado setilaiti ikawa juu ya puto karibu mfululizo.

Pili, na hili ndo naona fahari nalo, ni milima. Kituo kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, lakini kiboksi kimoja cha ile ramani ni nusu digrii kwa digrii nzima, ndani yake kunaweza kuingia nyanda za juu na Bonde la Ufa na uwanda unaoshuka kwenda Machakos, na Magadi pale chini ni mita 600 tu. Mita 1,000 za hewa ya chini zikiwa na ozoni ya ppb 30 (sehemu kwa bilioni) ni kama DU 2 na nusu, na sisi tunabishania 20! Nikachukua data za mwinuko za SRTM, nikapata wastani wa kiboksi, nikalijazia puto ile hewa ya chini isiyokuwa nayo. Pengo likapungua sana. Halikuisha, maana puto ni la siku moja na ramani ni wastani wa siku tatu, ila lililobaki lilikuwa ndani ya makosa yanayotajwa na wenye data.

Siku ya kutetea tasnifu profesa mmoja akaniuliza, kwa hiyo unaweza kutuambia ozoni anayovuta mtu wa Kariakoo? Nikamwambia hapana profesa, hapo unahitaji mashine ya ardhini, setilaiti inakupa jumla ya kilomita 10 na mtu anavuta ya mita 2. Supavaiza wangu akatikisa kichwa kukubali. Wakaniambia nirekebishe sura ya 3, ramani niweke mizani ya rangi inayofanana, na nisitumie ozoni ya jumla kuzungumzia uchafuzi wa hewa sehemu yoyote.

Anayetaka kuanza kazi kama hii achukue kwanza puto moja la SHADOZ alichore kwa Excel tu, aangalie muda wa kurusha umeandikwa kwa UTC (ongeza masaa 3), afute zile namba kubwa zisizo na maana zinazowekwa pale kipimo kilipokosekana, na kama anataka ozoni ya jumla aachane na puto zilizopasuka mapema, maana ozoni iliyobaki juu ni makumi ya DU na itabidi aijazie kutoka kwenye jedwali la wastani wa miaka. Python itakuja yenyewe.