Mita Iliyonidanganya, na Ile Niliyoinunua Baadaye

Jenereta yetu ya petroli, ya kilowati mbili na nusu, imewekwa nyuma ya nyumba, mahali pa wazi panapopita upepo, kwa sababu moshi wake una gesi inayoua bila kunuka na nyumba zetu za mawe hapa Lamu hazina nafasi ya kuuachia njia. Kazi yake kubwa ni kuiokoa friza ya samaki umeme unapokatika. Siku moja nilipochomeka multimita yangu ndogo ya kupimia umeme, ambayo niliinunua kwa shilingi mia nne na kitu, kioo kilinionyesha volti 268. Nilishtuka, kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa volti 240, nami nikajua kwamba volti nyingi kiasi hicho zinaweza kuunguza mota ya friza. Nikafungua kifuniko, nikaishika skrubu ndogo ya kurekebishia volti iliyoko kwenye kifaa cha kudhibiti volti ambacho mafundi hukiita AVR, nikaizungusha taratibu mpaka mita ikasoma 240.

Baada ya hapo friza ilikataa kuwaka. Ilinguruma kidogo, ikabofya, ikanyamaza, na ikarudia hivyo hivyo kila baada ya dakika chache. Fundi mzee wa mtaani kwetu alipokuja na mita yake, ilisoma volti 213, na friza ilipojaribu kuanza zilishuka chini zaidi.

“Mwanangu, kabla ya kupima jenereta, mita yenyewe uliipima?” aliniuliza.

Sikuwa nimeipima. Betri yake ya volti 9 ilikuwa imechoka, na mita nyingi za bei ya chini, betri inapodhoofika, hazinyamazi wala hazisomi chini, bali husoma juu kuliko ukweli. Kwa maneno mengine, jenereta ilikuwa nzima, na mimi ndiye niliyeiharibu kwa bisibisi. Ilimchukua fundi dakika tano kuirudisha skrubu mahali pake. Mimi ilinichukua wiki nzima kuamua ni mita gani ninunue badala ya ile.

Jambo la kwanza nililolitafuta ni uwezo wa kupima hezi (Hz), yaani mara ambazo wimbi la umeme hujirudia kwa sekunde, uwezo ambao mita yangu ya zamani haikuwa nao kabisa. Jenereta ndogo kama yetu hutoa hezi 50 pale injini inapozunguka mara 3000 kwa dakika. Ikizembea hadi mizunguko 2700, hezi hushuka hadi 45. Hatari iliyojificha hapo ni kwamba AVR iliyo nzima inaweza kuzishikilia volti zisitetereke hata injini ikiwa imepungua kasi, kwa hiyo mtu anayepima volti peke yake atasema mambo ni shwari, ilhali mota ya friza inazunguka polepole, inavuta mkondo mkubwa zaidi na kupata moto. Ndiyo maana ningemshauri mwenye jenereta akose taa ya kioo, akose kifuko, akose hata kipima joto, lakini asikose alama ya Hz. Injini ya namna hii huachwa ikimbie kidogo kupita kiasi ikiwa haina mzigo, hezi 51 au 52 hivi, ili ikibebeshwa mzigo itulie karibu na 50.

La pili ni maandishi ya True RMS usoni mwa mita. Mita isiyo na uwezo huo hupima wastani wa umeme, kisha hupiga hesabu kana kwamba wimbi lake ni laini na la mviringo kama lile la nguzoni. Wimbi la jenereta za bei nafuu mara nyingi huwa limepindapinda, na hapo hesabu hiyo hukosea. Tofauti inaweza kuwa ndogo au kubwa kutegemea jenereta, lakini mtu anayetaka kugusa skrubu ya AVR hana budi kuwa na namba anayoweza kuiamini. Mita zenye uwezo huo zamani zilikuwa ghali. Siku hizi zipo ambazo mtu wa kawaida anazimudu.

Kuhusu usalama sikutaka mzaha. Usoni mwa mita yangu ya kwanza, kando ya tundu la ampea 10, kulikuwa na maandishi madogo yanayosema kwamba tundu hilo halina fyuzi. Mtu akisahau waya katika tundu hilo kisha akaenda kupima volti za soketi, atakuwa ameunganisha nyaya mbili za umeme moja kwa moja, na hakuna cha kuuzuia moto usimfikie mkononi. Mita njema ina fyuzi kwenye kila tundu la kupimia mkondo, na fyuzi hizo ni nene za kauri badala ya vijiti vyembamba vya kioo. Huandikwa pia daraja lake la usalama, CAT II au CAT III, pamoja na volti inazostahimili, ingawa kuchapisha herufi kwenye plastiki si kazi ngumu, na mimi huziamini zaidi nyaya nene zenye ncha zilizofunikwa vizuri. Kwa kupima ampea za friza au pampu, hata hivyo, chombo kinachofaa ni mita ya kubana, ambayo hushika waya mmoja tu bila kuukata; ukiibana kebo nzima itasoma sifuri, kwani mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana.

Nilihitaji pia kupima kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, kwa kuwa jenereta nyingi zisizo na AVR huitegemea hiyo kuzalisha volti, nayo sharti kwanza itolewe umeme uliobaki ndani yake. Omu za koili, yaani ukinzani wa nyaya zake, ni habari nyingine: koili kubwa huwa na omu chache au hata chini ya moja, kwa hiyo kwanza ninagusanisha ncha mbili za mita, ninaona nyaya zenyewe zina omu ngapi, kisha ninaitoa namba hiyo kwenye kipimo.

Mita mpya niliinunua katika duka moja la Usita wa Mui, mtaa mkuu wa maduka hapa Lamu, kwa shilingi elfu mbili na mia tatu. Ningeweza kuagiza Mombasa kwa bei nafuu kidogo, lakini mzigo mbovu hurudishwa kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, na kisha kwa basi, na faida yote huishia njiani. Nilimwomba mwenye duka ruhusa nikaipima papo hapo kwenye soketi yake na kwenye betri mpya, naye akacheka akasema mimi ni mteja wa kwanza kumpimia umeme wake. Nilipenda pia kwamba inatumia betri mbili ndogo za rimoti, ambazo zinapatikana kila kiosk, tofauti na ile ya volti 9 ambayo nilikuwa nikiitafuta mtaa hadi mtaa. Naiweka katika kopo lenye kifuniko, maana chumvi ya hewa yetu hula ncha za shaba na viungo vya swichi bila kubisha hodi.

Jioni ya kwanza ilinitisha tena: nilipopima kati ya tundu moja la soketi na mwili wa jenereta, nikaona volti 97 zinazopanda na kushuka. Fundi alinieleza kwamba katika jenereta nyingi ndogo koili haikuunganishwa na mwili, na mita hizi huvuta umeme kidogo mno kiasi cha kuonyesha hata volti zisizo na nguvu yoyote nyuma yake. Kipimo cha maana ni kile cha kati ya matundu mawili. Huko nilisoma volti 238 na hezi 51.6, friza ilipowaka, 234 na 50.2. Skrubu ya AVR sikuigusa.