Maji moto ya Amboni: tulianza na njia ya maji kutoka dimbwini

Wageni wanaokuja Amboni, kama kilomita 8 kutoka Tanga mjini kwa barabara ya Horohoro, huulizia mapango. Sisi wenyeji tuna jingine la kujivunia: maji moto ya salfa, ambayo wengi huyaita Galanos kwa jina la mlowezi wa Kigiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Wazee wenye baridi yabisi hawakuacha kuja, hata baada ya madimbwi kujaa tope na mabafu kubomoka. Kikundi chetu, ambacho mimi ni katibu wake, kilijitwika kazi ya kufufua madimbwi mawili ya pembeni ili mtu yeyote aoge kwa heshima yake.

Kabla jembe halijagusa udongo tulipita kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana Mto Sigi na maeneo yetu yako chini ya bodi hiyo. Maji ni mali ya umma, huwezi kujichimbia tu. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo tuliamua mapema: hakuna jengo la kudumu.

Wazee walitupa sharti moja, jicho la chemchemi lisiguswe. Pale watu huweka ubani na kitambaa, na baadhi ya vijana wetu walitaka kupachimba ili maji yaongezeke. Mimi niliwaunga mkono wazee bila kusita. Ukichokonoa jicho, maji yanaweza kupata njia nyingine chini kwa chini, nawe ukabaki na shimo kavu.

Kazi ilianzia upande wa pili kabisa, pale maji yanapotoka dimbwini kwenda zake. Dimbwi huchafuka kwa sababu maji yamekwama, na tope lote lilikuwa limeziba mfereji wa zamani. Tulishuka na mabeleshi na makarai. Tope lilikuwa jeusi tititi, linanuka mayai viza, na chini yake tukakuta mawe yaliyopangwa vizuri na watu wa zamani, bado imara. Mfereji ulipozibuka, maji yaliyotuama yalianza kusogea mbele ya macho yetu, na akina mama wakapiga vigelegele.

Halafu tukapima. Tuliweka ndoo ya lita 20 kwenye bomba la kuingizia maji na kuhesabu kwa simu: ilijaa kwa sekunde 10 hivi, yaani lita 7,200 kwa saa. Dimbwi kubwa lina urefu wa mita 4, upana mita 3 na kina cha sentimita 80, sawa na lita 9,600. Kwa hiyo hujaa upya kwa takriban saa 1 na dakika 20. Hesabu hiyo ndiyo iliyotupa idadi ya watu na ratiba ya usafi. Kila asubuhi kabla ya kufungua tunaliachia lote litoke, tunasugua utelezi kwa brashi ngumu, kisha tunaliacha lijae.

Kuna aliyetushauri tumwage klorini. Kwa maji ya salfa haifai. Salfa huimaliza klorini kabla haijaua kijidudu chochote, na maji yanaweza kugeuka meupe kama tui. Dawa yetu ni mwendo wa maji na brashi.

Jambo lililonikosesha usingizi ni hewa. Harufu ile ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama mahali pa chini palipofungwa. Hatari zaidi, ikizidi sana pua huchoka na kuacha kuisikia. Mabafu ya zamani yalikuwa vyumba vya saruji vyenye kidirisha kimoja. Hatukuyakarabati. Tulisimamisha viambaza vya makuti kwenye nguzo za mvinje, tukaacha wazi juu na chini ili upepo upite, na tukafunga kwa kamba za katani. Misumari tuliiepuka kwa sababu salfa hula chuma upesi. Mabomba yote ni ya plastiki.

Bibi mmoja alitoka majini na bangili yake ya fedha imekuwa nyeusi. Alinishika mkono, sauti imebadilika.

"Mwanangu, hili si la heri. Nimewakera wenyewe wa hapa."

"Hapana bibi, fedha na salfa vikikutana huwa hivyo. Ngoja nikuoneshe."

Nilivua pete yangu nikaitumbukiza, nayo ikaanza kufifia. Jioni tuliisugua bangili yake kwa majivu hadi ikang'aa. Siku hizi watu huvua vito vyao pale getini.

Masharti ni machache lakini hatuyalegezi. Sabuni hairuhusiwi. Dimbwi likizidi nyuzi 40 kwenye kipimajoto, hakuna anayeingia. Robo saa inatosha, kisha unatoka na kunywa maji. Mjamzito, mwenye presha au ugonjwa wa moyo aulize kwanza zahanati. Kupiga mbizi ni marufuku kabisa, hata kwa watoto wanaolia: katika maji ya uvuguvugu yasiyo ya chumvi huweza kuishi amiba anayeingia kwa puani hadi kwenye ubongo. Ugonjwa huo ni nadra sana, ila ukimpata mtu mara nyingi huua. Na hatumwambii mtu kwamba atapona. Joto hulegeza viungo na kupunguza maumivu, hilo tunalisema. Anayeacha dawa za hospitali kwa sababu ya chemchemi yetu tunambembeleza arudi kwa daktari.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa zamu. Vijana walitaka asubuhi kabla ya kwenda kazini, na wanawake walitaka asubuhi hiyohiyo kabla jua halijawa kali na kabla ya kupika. Tulikaa vikao mpaka sauti zikakauka. Mwishowe dimbwi dogo likawa la wanawake tangu tunapofungua hadi adhuhuri, kubwa la wanaume, na alasiri tunabadilishana. Ijumaa tunafunga wakati wa sala.

Kiingilio kipo, kidogo, na kila shilingi inaandikwa kwenye leja inayosomwa hadharani mwisho wa mwezi. Fedha hulipa mlinzi na wasafishaji, na masika iliyopita ilichimba mtaro wa juu unaozuia maji ya mvua kuingia na takataka. Wazee wenye mikongojo hawalipi. Sasa tunawatafutia njia ya kushukia isiyoteleza, yenye kamba nene ya katani ya kushikia tangu getini mpaka majini.