Nilivyolinganisha santuri na dijitali bila kujidanganya

Ukisikiliza santuri dakika tano, kisha wimbo uleule kwenye kompyuta dakika tano, hujapima kitu. Vimebadilika kwa mpigo masta ya muziki (nakala ya mwisho iliyotayarishwa studio), ukubwa wa sauti, saketi zinazopitiwa na matarajio ya masikio yako. Nilivitenga kimoja kimoja, na utaratibu niliofuata ni huu.

Gramafoni kwanza, maana iliyofungwa vibaya hailinganishwi na chochote. Uzito wa sindano niliupima kwa mizani ndogo ya elektroniki inayosoma hadi gramu 0.01. Katriji yangu, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, ni ya aina ya sumaku inayosogea na inataka kati ya gramu 1.8 na 2.2, nikaweka 2.0. Wapo wanaopunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuzigonga kuta zake. Herufi "s" ya mwimbaji ndiyo hulalamika kwanza: inatoka kama karatasi inayochanwa. Baada ya uzito nikanyoosha katriji kwa karatasi ya vipimo, iwe sambamba na mfereji kwenye milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati. Kwingine kote mkono wa gramafoni unaozunguka kwenye egemeo huwa na kosa dogo la pembe, halikwepeki.

Waya wa ethi, ule wa kutuliza umeme kati ya gramafoni na amplifaya, usisahaulike. Bila huo, spika zinavuma kwa hezi 50 au 60 kufuatana na umeme wa mahali, na kwa mvumo huo utaulaumu mfumo wa santuri bure. Kosa jingine ni kuchomeka gramafoni moja kwa moja kwenye tundu la AUX. Santuri hukatwa kwa mkunjo wa RIAA, kanuni ya pamoja ya kurekebisha sauti kabla ya kukata: besi hupunguzwa ili mifereji isitanuke ikala nafasi, na sauti za juu huongezwa ili zizidi mchakacho. Priamplifaya ya fono, kikuza sauti cha awali cha gramafoni, hugeuza hayo, ikiongeza karibu desibeli 20 kwenye hezi 20 na kupunguza karibu kiasi hicho hicho kwenye kilohezi 20. Ukiiruka, unasikia muziki mwembamba usio na tumbo, halafu unasema santuri haina besi.

Jaribio la kwanza lilikuwa na swali moja tu: je, kugeuza sauti kuwa namba kunapoteza kitu? Nilichukua mlio wa santuri kutoka kwenye priamplifaya na kuugawa njia mbili. Njia moja iliingia kwenye amplifaya moja kwa moja. Ya pili ilipitia kifaa cha kurekodia, ikageuzwa kuwa namba za biti 16 kwa kilohezi 44.1 (sampuli 44,100 kwa sekunde, kama CD), ikarudishwa kuwa analogi, ndipo ikaingia kwenye tundu la pili la amplifaya ileile. Hapa kuna mtego uliokaribia kuniharibia kazi yote. Vifaa vingi vya kurekodia vina swichi ya kusikiliza ingizo moja kwa moja, na ikiwa imewashwa sauti haigeuzwi namba hata kidogo. Unalinganisha analogi na analogi. Dalili yake ni mwangwi mfupi wa kibati, au kwamba ukisimamisha programu sauti bado inapita.

Ukubwa wa sauti niliusawazisha kwa mlio wa hezi 1000 kutoka kwenye kompyuta, nikisoma volti za AC kwenye nguzo za spika kwa multimita. Tofauti ya desibeli 0.1 ni kama asilimia 1.2 ya volti: njia moja ikisoma 1.000, nyingine isivuke 1.012. Huo si ukali wa kupitiliza. Tofauti ikizidi hapo kidogo, sikio haliitambui kama ukubwa, linaitambua kama "uwazi" au "uhai", na mara nyingi njia iliyo juu kidogo ndiyo hushinda.

Msaidizi alirusha sarafu na kubadili njia nisipomwona, akikata sauti sekunde moja kila mara ili ucheleweshaji wa kifaa usinitonye. Mizunguko 16, na kila mmoja nilitaja njia niliyodhani inasikika. Kwa kubahatisha tu, nafasi ya kupata 12 au zaidi ni chini ya asilimia 4, kwa hiyo 12 ndiyo iliyokuwa alama yangu. Nilipata 9. Ule "ujoto" wa santuri ulivuka daraja la dijitali ukiwa mzima, pamoja na mikwaruzo yake. Wala hakuna ngazi-ngazi kwenye sauti kama inavyochorwa: sampuli 44,100 kwa sekunde zinatosha kila kitu chini ya hezi 22,050, na kichujio cha kutokea hurudisha wimbi laini.

Basi tofauti inayosikika kati ya santuri na CD iko wapi? Nilirekodi santuri kwa biti 24 na kilohezi 96, kilele kikiwa desibeli 6 chini ya kikomo, nikaiweka kando ya faili la CD. LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika kwa wastani, zilisema santuri -19, CD -10. Nikaishusha CD desibeli 9, na hapo ndipo muziki wake ukaonekana ulivyobanwa, tofauti ya sauti ndogo na kubwa ikiwa imepunguzwa: ngoma na sauti ya mwimbaji zimesimama mstari mmoja, kama watu waliopigwa picha wakiwa wamebanana ukutani. Hayo ni maamuzi ya studio, CD yenyewe haina kosa. Ila usitoe hukumu kwa kutazama mchoro wa wimbi. Mnyororo wa santuri huhamisha awamu za masafa, yaani huchelewesha sauti za juu na za chini kwa viwango tofauti, hivyo hata masta ileile iliyobanwa hutoka na vilele virefu zaidi kwa desibeli kadhaa. Mchoro unapendeza, muziki ni uleule.

Mahali santuri inaposhindwa bila ubishi ni mwisho wa upande. Mwanzoni, milimita 146 kutoka katikati, mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 kwa sekunde. Kwenye milimita 60 ni sentimita 21 tu. Sekunde ileile ya muziki imebanwa chini ya nusu ya urefu. Linganisha matoazi ya wimbo wa kwanza na wa mwisho utasikia, hasa kwa sindano ya ncha duara. Angalia pia spika ya besi ukiwa umeondoa kitambaa: koni inapumua ndani na nje polepole bila mlio wowote. Ni mpindo wa santuri yenyewe, chini ya hezi 20, unakula nguvu ya amplifaya. Niliwasha kichujio kinachokata chini ya hezi 20 ikatulia.

Santuri zenye masta bora nazihifadhi kama faili. Kwa biti 24 na kilohezi 96, upande wa dakika 20 hula megabaiti 690 kabla faili halijabanwa kupunguza ukubwa wake. Nikishusha hadi biti 16 na kilohezi 44.1 ni 212. Naondoa mipasuko na kurekebisha sauti kwanza kwenye faili kubwa, kushusha kunakuja mwisho.